UZI: Samaki aliyerudi kutoka kwa wafu, meli iliyopakwa grisi, ndege anayeitwa kwa mluzi. Maajabu ya kweli ya kwetu

Mwana wa Kigombe (mwanzisha uzi):

Wakuu, salaam kwenu wote.

Nyuzi za "je, wajua" humu ni nyingi na mimi ni msomaji wake mkubwa. Pweza ana mioyo mitatu, asali haiozi, sawa, tumeshayasikia na ni kweli. Leo naomba tubaki nyumbani. Kuna mambo yametokea pwani yetu, kwenye maziwa yetu na kwenye mapori yetu, ukimsimulia mgeni anadhani unamtania. Nimeyakusanya kwa miaka kadhaa, na ambalo sikuweza kulithibitisha nimeliacha. Nitashusha kidogo kidogo. Mwenye nyongeza aweke, mwenye swali aulize.

Naanza na jepesi, lililo kinywani mwako kila siku.

HELA. Mwaka 1904 Wajerumani waliokuwa wakitutawala walibadili hesabu ya fedha. Kabla ya hapo rupia moja ilikuwa pesa 64, hesabu iliyotoka India. Wao wakataka mia kwa mia, wakafua sarafu mpya, rupia moja ikawa Heller 100. Watu wakaitamka walivyoweza: hela. Sasa hiyo Heller nayo ilipata jina lake kwenye mji wa Schwäbisch Hall, kusini mwa Ujerumani, ambako visarafu vidogo vya namna hiyo vilikuwa vikifuliwa karne nyingi nyuma. Rupia imekufa, Mjerumani kaondoka, mtu wa Tandale leo akisema "sina hela" anautaja mji ambao hajawahi kuusikia.

GEREZA nalo lina safari yake. Limetoka kwa Wareno, kwenye neno lao igreja, yaani kanisa. Inakuwaje kanisa likawa jela? Nenda Unguja, simama mbele ya Ngome Kongwe pale Forodhani. Wareno walikuwa na kanisa mahali pale. Waomani walipowafukuza mwishoni mwa miaka ya 1600 wakajenga ngome juu ya kiwanja kile kile, na baadaye ngome ikatumika kufungia watu. Jengo likabadilika kazi mara mbili, jina halikuhama. Ngome ya Kilwa Kisiwani nayo mpaka leo inaitwa Gereza, na Fort Jesus ya Mombasa iliwahi kuwa jela kweli, kuanzia 1895 mpaka 1958.

Hayo ni ya kufungulia mlango. Nikirudi nawaletea samaki.

Mzee wa Bandarini:

Nipo siti ya mbele mkuu. Tiririka.

Mama Zai:

Hilo la gereza limenikalisha. Nimezaliwa Malindi ya Unguja, nimepita pale maisha yangu yote. Endelea kaka.

Mwana wa Kigombe:

Shukrani wakuu. Sasa samaki.

Jina langu la humu nimelichukua kwenye kijiji cha Kigombe, kati ya Tanga na Pangani, kwa baba yangu mdogo. Nilikuwa shule ya msingi siku nilipomwona huyu samaki kwa mara ya kwanza. Walikuwa wamemlaza juu ya jamvi pwani, karibu na ngalawa, watu wamemzunguka. Alikuwa mrefu kunizidi. Rangi yake ilikuwa imeshageuka kahawia kwa sababu amekufa. Akiwa hai ana rangi ya buluu yenye mabaka meupe, na mabaka ya kila mmoja ni yake peke yake, kama alama zako za vidole. Magamba makubwa na ya kukwaruza. Mkia wake una kimkia kingine kidogo kinachochomoza katikati.

Baba mdogo akachuchumaa, akaingiza kidole chini ya pezi la ubavuni, akaliinua. Lile pezi halikuwa limebandikwa mwilini kama la changu au kolekole. Lilikuwa na shina la nyama, na ndani unasikia mfupa. Akalizungusha taratibu, likazunguka kama kiganja cha mtu kinavyozunguka kwenye kifundo cha mkono. Akasema, "Huyu ana mikono." Wale wanaume wote wakanyamaza.

Huyo ndiye silikanti.

Wanasayansi walimjua kwa mawe tu. Walikuta umbo lake limegandia kwenye miamba ya kale, na mwisho wa kuonekana kwenye miamba ulikuwa kama miaka milioni 66 iliyopita, wakati dinosaria walipotoweka. Wakaandika kwamba amekwisha. Halafu Desemba 1938 meli moja ya uvuvi, ile ya kukokota nyavu, ikatia nanga East London, Afrika Kusini. Pale mjini palikuwa na dada mmoja kijana, Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho madogo, ambaye nahodha alikuwa na desturi ya kumwita kila akipata samaki wa ajabu. Akaenda, akafukua lundo la papa na samaki aina ya taa, akaona pezi la buluu linatokeza.

Dereva wa teksi hakutaka kumpakia kwa harufu. Mochwari wakakataa kumhifadhi. Ilikuwa joto, ni kiangazi kule, na samaki alikuwa akiharibika. Ikabidi akaushwe ngozi, matumbo yakatupwa. Dada wa watu akachora mchoro kwa kalamu, akautuma kwa J. L. B. Smith, mtaalamu wa samaki Grahamstown, na Smith alipouona hakuamini macho yake. Jina la kisayansi la samaki mpaka leo ni Latimeria, kwa heshima ya yule dada.

Sasa Smith akataka wa pili, mzima, mwenye viungo vyote vya ndani. Akamtafuta miaka 14. Akachapisha vipeperushi vya picha kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, zawadi pauni 100, vikasambazwa pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1952 vipeperushi vile vikampata nahodha wa jahazi aliyekuwa akifanya biashara kati ya Zanzibar na Komoro, Eric Hunt, naye akavipeleka Komoro.

Desemba ya mwaka huo huo, kisiwa cha Anjouan, yaani Nzwani, mvuvi akampata kwa mshipi. Akampeleka sokoni Domoni kumuuza kama samaki mwingine yeyote. Alikuwa karibu kukatwa vipande pale mwalimu mmoja wa shule alipomlinganisha na picha ya kwenye kipeperushi. Wakambeba kuvuka milima mpaka Mutsamudu alikokuwa Hunt. Smith akapiga simu huku na kule, Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, Malan, akiwa mapumziko ya Krismasi, akakubali kutoa ndege ya jeshi ikamchukue samaki.

Na sasa jambo ambalo kila nikilifikiria moyo unanienda mbio: Wakomoro walikuwa na jina lake. Walimwita gombessa. Walikuwa wakimvua mara moja moja tangu zamani. Hawakumthamini sana, maana nyama yake ina mafuta mengi na inaharisha. Husimuliwa hata kwamba magamba yake makavu yalifaa kukwaruza mpira wa baiskeli kabla ya kuubandika kiraka cha pancha. Profesa anakosa usingizi miaka 14 akimtafuta mnyama ambaye fundi baiskeli wa Komoro ana magamba yake kwenye boksi la vifaa.

Hapa kwetu habari zilikuja baadaye. Mwaka 2001 mmoja alinaswa Malindi, Kenya. Mwaka 2003 mwingine Songo Mnara, wilaya ya Kilwa. Kisha Tanga wakaanza kuonekana wengi, kwa sababu wavuvi walikuwa wakitega jarife, zile nyavu za matundu makubwa za kuvulia papa, kwenye maji marefu. Mwaka 2009 serikali ikatangaza eneo lile kuwa hifadhi ya bahari ya silikanti. Anazaa watoto hai, hatagi. Jike mmoja aliyenaswa Msumbiji mwaka 1991 alikutwa na watoto 26 tumboni. Na utafiti wa mwaka 2021, uliohesabu pete kwenye magamba kama unavyohesabu pete za mti, unakadiria anaweza kufika miaka 100, na mimba yake ni kama miaka mitano. Mitano wakuu! Ukimtoa jike mmoja mwenye mimba baharini umetoa kitu ambacho hakirudi haraka.

Mzee wa Bandarini:

Mimi ni mtu wa Tanga, mitaa ya Ngamiani. Tulikuwa tunasikia "samaki mtu" tukadhani ni stori za vijiweni. Asante sana mkuu.

Kijana wa Tabora:

Nondo nzito. Nauliza, Kilwa na Malindi umezitaja kwa samaki tu? Si ndiyo miji mikubwa ya zamani ile?

Mwana wa Kigombe:

Umeniwahi ndugu yangu. Miji hiyo miwili ina habari zake nyingine, nazisema kwa ufupi.

Kilwa ilikuwa ikifua sarafu zake yenyewe za shaba. Kila sarafu ina maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, na upande wa mbele unafanya kina na upande wa nyuma, kama mishororo miwili ya shairi. Kwa mfano upande mmoja jina la sultani, Ali bin al-Hasan, na upande wa pili maneno kwamba anamtumainia Mola mwenye neema, yanayoishia na sauti ile ile ya "-an". Umenunua samaki kwa ubeti. Sijui nchi gani leo ina sarafu yenye vina.

Mwaka 1944, wakati wa vita, askari wa jeshi la anga la Australia alikuwa kwenye kituo cha rada katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya Australia. Akawa anavua, akaona sarafu kwenye mchanga. Akaokota tisa, akaziweka kwenye kopo. Zikakaa mpaka 1979 ndipo akazipeleka zikaangaliwe. Nne za Kiholanzi. Tano za Kilwa. Kati ya Kilwa na kisiwa kile ni Bahari ya Hindi nzima, na mpaka leo hakuna aliyeeleza kwa uhakika zilifikaje.

Malindi ndiyo iliyompelekea mfalme wa China twiga. Mwaka 1414 alifika wa kwanza, akipitia Bengal, na mwaka uliofuata wajumbe wa Malindi wakaleta wao wenyewe. Wachina walikuwa na mnyama wa hadithi zao anayeitwa qilin, anayeonekana tu wakati nchi ina mtawala mwema. Mwili kama paa, kwato kama za ng'ombe, mpole, hakanyagi majani kwa ukatili. Wakamtazama twiga, wakaona ndiye. Akachorwa picha na kutungiwa shairi, na mfalme Yongle alitoka mpaka lango la kasri kumpokea yule wa Malindi. Kisha zile meli kubwa za Zheng He, mkuu wa majeshi ya majini wa mfalme huyo, zikawarudisha wajumbe makwao. Fikiria mtu wa Malindi ametoka China, amekaa barazani anawasimulia majirani kwamba punda mrefu wa porini ameinamiwa na mawaziri.

Mama Zai:

Subhanallah. Na twiga alikaaje melini muda wote huo?

Mwana wa Kigombe:

Dada, hilo nami huwa najiuliza. Shingo peke yake ni kazi.

Binti Mwanga (Kigoma):

Mkuu umesema maziwa yetu pia. Umtendee haki Liemba. Bibi yangu amepanda meli ile toka yuko msichana.

Mwana wa Kigombe:

Nilikuwa nakuja huko dada. Tulia na kikombe chako cha chai.

Mwaka 1913, katika mji wa Papenburg, Ujerumani, kiwanda cha Meyer kilitengeneza meli ya kama mita 70. Ikaunganishwa, ikaangaliwa kama iko sawa, halafu ikafunguliwa yote, msumari kwa msumari, ikafungwa kwenye masanduku 5,000. Masanduku yakaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam, yakapandishwa treni mpaka Kigoma, na mafundi watatu wa kiwanda wakaja nayo kuiunganisha upya kandokando ya ziwa. Ikaingia majini mwanzoni mwa 1915 ikiitwa Graf von Goetzen. Vita Kuu ilikuwa imeshaanza, nayo ikafungwa mizinga, ikawa bwana wa Ziwa Tanganyika.

Waingereza nao wakaleta boti zao za kuwapinga. Mbili, ndogo, za injini ya petroli. Zilitoka Uingereza kwa meli mpaka Cape Town, zikapanda treni mpaka Katanga, halafu reli ikaisha. Zikakokotwa porini na trekta za mvuke na ng'ombe, zikavushwa milima ya Mitumba, zikaelea mto Lualaba, zikapanda treni tena mpaka pale panapoitwa Kalemie leo. Majina yake yalikuwa Mimi na Toutou. Kwa Kifaransa cha watoto wadogo ndivyo wanavyomwita paka na mbwa. Lakini msomaji wa Kiswahili anasoma: boti ya vita inaitwa Mimi. Siku moja baada ya Krismasi ya 1915 zikaiteka boti moja ya Kijerumani, na Februari 1916 zikazamisha nyingine.

Goetzen hazikuigusa. Ila vita vya nchi kavu viliwaelemea Wajerumani, reli ikakatwa, ikabidi waiache Kigoma. Amri ikatoka: meli izamishwe isiangukie mikononi mwa adui. Na hapa ndipo penye moyo wa habari hii. Wale mafundi kabla ya kuizamisha waliingia chumba cha injini wakaipaka mitambo yote grisi nene. Wakaijaza mchanga ili ikae wima, wakaizamisha taratibu karibu na mdomo wa mto Malagarasi, tarehe 26 Julai 1916. Hebu ukae na jambo hilo. Watu wanaikimbia nchi, adui yuko njiani, na mtu ameshika kopo la grisi anapaka pistoni za meli anayoizamisha kwa mkono wake. Mtu hapaki grisi kitu alichokikatia tamaa.

Wabelgiji waliipandisha baada ya vita, ikawazamia tena. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua. Ilikuwa imelala majini karibu miaka minane. Walipofuta lile tope na grisi wakakuta injini na boila bado zinafaa. Mwaka 1927 ikaanza safari ikiitwa Liemba, jina la zamani la sehemu ya kusini ya ziwa. Ikaenda kwa mvuke mpaka miaka ya 1970 ilipotiwa injini za dizeli.

Binti Mwanga (Kigoma):

Umesema vizuri kaka, niongeze la bibi. Vijiji vingi vya kusini mwa ziwa vilikuwa havina gati. Meli ilikuwa inasimama mbali na ufuko, usiku wa manane wakati mwingine, inapiga honi. Basi mitumbwi inatoka gizani kumi, ishirini, inakimbilia ubavuni. Mlango wa pembeni unafunguliwa, watu wanapandishwa kwa mikono, magunia ya dagaa yanarushwa juu, mananasi yanarushwa chini, mtoto anapitishwa kichwani kwa watu. Bibi alikuwa akisema ukiisikia honi ya Liemba hata kama umelala unajua ni yake. Mama yangu mkubwa alizaliwa siku mbili baada ya bibi kushuka, na wakamtania maisha yake yote kwamba alikuwa akisubiri gati.

Mwana wa Kigombe:

Asante dada yangu. Hili lako limezidi yote niliyoandika.

Kijana wa Tabora:

Na sisi watu wa Tabora tusisahaulike. Mwaka 1916 huo huo Wajerumani waliishiwa sarafu, wakafua za dhahabu pale pale kwenye karakana ya reli Tabora, dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Rupia 15, upande mmoja tembo. Zilifuliwa kama elfu 16 hivi. Leo wakusanyaji wanazigombania.

Mwalimu wa Fizikia:

Wakuu, uzi mzuri, naomba niweke langu kwa kuwa ni la darasani. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa Magamba sekondari, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Siku hiyo nafasi kwenye friza zilikuwa chache, akaogopa kukosa, akaingiza yake ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake ilikuwa imeganda, ya mwenzake aliyesubiri ipoe bado. Akamuuliza mwalimu wake, akaambiwa amechanganyikiwa.

Alipofika Mkwawa, Iringa, akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, kutoa mhadhara. Mpemba akasimama akauliza swali lile lile. Wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar akajaribu. Mwaka 1969 wakaandika makala pamoja, na dunia nzima ya fizikia inaiita athari ya Mpemba. Wanafizikia bado wanabishana kama ni kweli inatokea kila wakati na kwa nini, kuna waliojaribu wakaipata na kuna waliojaribu wakaikosa. Mimi kila mwaka nawasomea wanafunzi wangu habari hii siku ya kwanza, ili wajue kwamba swali haliogopwi.

Mwana wa Kigombe:

Mwalimu, kuna sehemu moja umeiruka na mimi kama mtu wa Tanga siwezi kuiacha. Mpemba mwenyewe alieleza kwamba kabla ya kukutana na Osborne alizungumza na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini, na yule akamwambia wao wanaweka ya moto makusudi, inaganda upesi. Wauza aiskrimu walikuwa wakilifanyia kazi. Ni gombessa yule yule, mwalimu.

Nimebakiza moja, ndege.

Ni mdogo, rangi ya udongo, ukimwona hutamtazama mara mbili. Kuna wanaomwita mlembe. Chakula chake ni nta ya nyuki, kitu ambacho wanyama wachache sana wanaweza kukisaga tumboni. Shida yake ni moja: mzinga uko ndani ya shina la mbuyu na nyuki wanaweza kumuua. Basi anatafuta mtu. Anakuja mpaka karibu yako, anapiga kelele ya haraka haraka, anaruka mti wa mbele, anakusubiri, unamfuata, anaruka tena. Mkifika, ananyamaza. Wewe una moto na shoka. Unachukua asali, yeye anabaki na nta.

Mreno mmoja, padri João dos Santos, aliyekuwa Sofala miaka ya 1580, aliandika kwamba ndege hawa walikuwa wakiingia kanisani kwake kudonoa mishumaa ya nta.

Wayao wa Niassa, kule Msumbiji, wanamwita kwa sauti wanayorithi kwa baba zao: mtetemo wa ulimi kisha mguno, "brrrr... hm!" Watafiti wakiongozwa na Claire Spottiswoode walitembea na wawindaji wa asali wakipiga sauti hiyo kwa kipaza sauti, na safari nyingine wakipiga sauti tofauti. Mwaka 2016 wakatoa matokeo: kwa sauti nyingine uwezekano wa kuongozwa mpaka kwenye mzinga ulikuwa asilimia 17, kwa "brrrr-hm" asilimia 54. Huyu ni ndege wa porini, hajafugwa na mtu.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wao humwita kwa mluzi. Basi watafiti wakabadilishana: wakapiga mluzi wa Kihadza kule Niassa na mguno wa Kiyao huku kwetu. Matokeo ya 2023: ndege wa huku waliitika mluzi wa Kihadza zaidi ya mara tatu kuliko mguno wa Kiyao, na wale wa Niassa wakaitika zaidi mguno wa kwao. Ndege wana lugha ya mtaa wao! Na kifaranga wake halelewi na mamaye. Jike hutaga kwenye kiota cha ndege wengine, na kifaranga anazaliwa na ndoano kwenye mdomo anayowaulia watoto wa mwenye nyumba gizani. Hana mzazi wa kumfundisha. Inaelekea wito wa watu anaujifunza mwenyewe, huko huko porini.

Hata malipo yanatofautiana. Wayao humwachia nta juu ya majani mabichi, kwa heshima. Wahadzabe mara nyingi huichoma au huifukia, ili ndege abaki na njaa aongoze tena. Nimeyasoma yote mawili na siwezi kusema nani anakosea, kila mmoja anamjua ndege wake.

Mzee wa Bandarini:

Si anamwongoza nyegere pia? Hiyo nimefundishwa tangu utoto.

Mwana wa Kigombe:

Mzee wangu, swali zuri. Mwaka 2023 watafiti waliwauliza wawindaji wa asali karibu 400 katika nchi tisa. Wengi walisema hawajawahi kuona ndege akimwongoza nyegere. Isipokuwa jamii za Tanzania, Wahadzabe wakiwemo, ambako wengi walisema wameona. Kwa hiyo uliyefundishwa hapa huenda ulifundishwa na watu walioona.

Mama Zai:

Kaka, na yule baba yako mdogo yuko hai? Muulize habari za yule samaki, tupate kutoka kinywani mwake.

Mwana wa Kigombe:

Dada, samahani kwa kuchelewa, nilisubiri mpaka nilipoenda mwenyewe. Nimetoka Kigombe Jumapili. Yupo, Alhamdulillahi, macho tu ndiyo yamepungua. Nilipomtajia silikanti hakujibu kwanza. Alinyoosha mkono akazungusha kiganja taratibu, vile vile. Akaniambia usiku ule walitega jarife kwenye ukingo wa maji marefu wakitafuta papa, na walipovuta walihisi uzito mmoja umetulia, haupigani, wakadhani ni jiwe.

Jarife hatumii tena. Limezungushiwa banda la kuku nyuma ya nyumba, na matundu yale ni makubwa mno, vifaranga wanapita wanavyotaka.